Shamba la Ufaransa: Kagua Kijumba Kabla ya Nyumba

Matangazo ya nyumba za shamba huko Ufaransa hayapishani sana. Kwanza utaonyeshwa nyumba kuu ya mawe yenye mbao za madirisha zilizopakwa rangi ya samawati, kisha jiko lenye boriti nene za mwaloni, kisha bwawa la kuogelea. Mwishoni, mara nyingi kwa picha moja tu, hujitokeza jengo dogo la pembeni lenye mlango wake, na chini yake maneno *gîte indépendant*: nyumba ya wageni inayojitegemea. Hapo ndipo mnunuzi huanza kupiga hesabu. Wageni wa kiangazi watalala kule, pesa yao italipa mkopo, na sisi tutakaa nyumba kubwa bila kutoa kitu mfukoni.

Dalali anaijua hesabu hiyo kuliko wewe, na ameshaiingiza kwenye bei.

Wasomaji wa safu hii walioko Uingereza na Ubelgiji, ambao kwao Ufaransa si safari ya ndege, ndio wanaoniuliza zaidi habari hizi, na jibu langu halijabadilika. Katika ununuzi wa aina hii nyumba kubwa hujieleza yenyewe. Watu wameishi humo vizazi na vizazi, imo kwenye daftari la kodi, ina mita yake ya umeme na choo chake. Nyumba ndogo (msicheke) ndiyo yenye maswali. Kwa hiyo iandikie thamani ya sifuri mpaka hati, bomba na kuta zake zikushawishi vinginevyo.

Tuanze na asili ya majengo yenyewe, kwa sababu inaeleza mengi. Katikati na kusini-magharibi mwa Ufaransa, hadi ndani ya karne ya 20, mashamba mengi yalilimwa kwa mfumo wa *métayage*: mwenye ardhi anatoa shamba na nyumba, mkulima anatoa nguvu zake, mavuno yanagawanywa. Mkulima huyo na familia yake walikaa hapo hapo shambani, kwenye nyumba yao. Palikuwa pia na chumba cha tanuri la mkate, kilichojengwa kando kwa kuhofia moto; banda la ng'ombe lenye dari la kuhifadhia majani makavu; na mnara wa njiwa, ambao samadi yao ilikuwa mali. Matrekta yalipoingia na vijana walipohamia mijini, majengo yale yalibaki matupu. Mkoa wa Creuse, uliokuwa ukipeleka waashi wake kwenda kuijenga Paris, leo ni miongoni mwa sehemu zenye nyumba za bei nafuu kabisa nchini humo.

Seneta Émile Aubert wa Basses-Alpes, mkoa unaoitwa sasa Alpes-de-Haute-Provence, aliyaona mambo mawili kwa pamoja: wakulima wana majengo yasiyotumika, na wafanyakazi wa mijini wana likizo lakini hawamudu hoteli. Nyumba ya kwanza ya wageni ya mtindo huo ilifunguliwa mkoani kwake mwaka 1951, na shirikisho la Gîtes de France likaundwa mwaka 1955. Angalia lakini nani alikuwa mfanyabiashara katika mpango ule. Alikuwa mkulima mwenye ardhi yake, anayeishi pale mwaka mzima, ambaye jengo alilirithi na mkewe ndiye aliyefua mashuka. Hakuwa na mkopo wa kununulia nyumba, wala hakulipia tiketi ya kuja kufungua mlango. Mnunuzi wa leo anauchukua mfano huo wa biashara na kuubebesha gharama ambazo haukuwahi kuzibeba, kisha anashangaa kwa nini pesa hazitoshi.

Sasa hati. Swali la kwanza kuhusu kijumba chochote: kilikuwa nini zamani, na nani aliruhusu kiwe makazi? Kama ilikuwa nyumba ya mkulima, pengine hakuna shida. Watu walilala humo tangu mwanzo. Kama lilikuwa banda au ghala, kuligeuza makazi ni kubadili matumizi ya jengo, *changement de destination*, na jambo hilo lina kibali chake. Ramani ya matumizi ya ardhi, PLU, huzigawa ardhi za komuni (serikali ndogo ya kijiji yenye meya wake) katika kanda. Kwenye kanda A ya kilimo na kanda N ya mazingira ya asili, banda kwa kawaida linaweza kugeuzwa nyumba pale tu ambapo PLU imelitaja jengo hilo hilo, na hata likitajwa, ombi hupelekwa mbele ya kamati ya mkoa ambayo kauli yake inamfunga meya. Si jambo la kujaza fomu Ijumaa na kuanza kupiga nyundo Jumatatu.

Wauzaji wengi hawakupita njia hiyo. Walinunua miaka ya 1990 au 2000, wakaleta fundi, wakaweka bafu na vigae, wakaanza kupokea wageni. Ukiuliza utaambiwa: "Meya anajua, na hakuna aliyewahi kulalamika." Meya kujua si kibali. Ni kweli muda husaidia: mashtaka ya jinai kwa ujenzi bila ruhusa hufa baada ya miaka 6, na komuni ina miaka 10 ya kwenda mahakama ya madai. Ni kweli pia kwamba baada ya miaka 10 kasoro za zamani haziwezi kutumiwa kukunyima kibali kipya. Lakini kinga hiyo ya mwisho haimhusu aliyejenga bila kibali chochote mahali ambapo kilihitajika, na ndiyo hali ya vijumba vingi. Juu ya hapo, Conseil d'État, ambayo ni mahakama ya juu ya mambo ya utawala, iliamua mwaka 1986 katika kesi ya Thalamy kwamba anayeomba kibali cha kazi mpya kwenye jengo lenye kazi zisizoidhinishwa lazima aziombee zote kwa pamoja. Siku unayoomba dirisha ndiyo siku unayojikuta unaomba nyumba nzima.

Kuna na moto. Sheria inaruhusu kujenga upya jengo lililoungua, kama lilivyokuwa, ndani ya miaka 10, lakini inasema jengo lililojengwa kihalali. Kijumba kisicho na hati kikiteketea, unaweza kubaki na kiwanja cha majivu katika kanda ya kilimo.

Kwa hiyo dai vitu vitatu kabla hujapanga tarehe ya pili ya kwenda kuangalia. Kibali chenyewe, au taarifa ya kazi iliyopokelewa bila pingamizi. Tamko la kumaliza kazi, linaloitwa DAACT, ambalo likishafikishwa kwa meya humpa miezi 3 kwa kawaida ya kupinga. Na nakala ya kodi ya ardhi na majengo, *taxe foncière*, pamoja na ukurasa wa tovuti ya kodi ambako, tangu mwaka 2023, kila mwenye nyumba anatakiwa kutamka nani anakaa katika kila jengo lake. Ukurasa huo una faida ya ajabu. Pale utaona kama serikali inakijua kijumba kuwa makazi, au bado inakiita banda la vifaa. Kutambuliwa na mtu wa kodi hakumaanishi kuwa kibali kipo. Kutotambuliwa, kwa upande mwingine, kunamaanisha kwamba muuzaji hakusema, na mtu aliyeficha hilo huenda ameficha na mengine.

Kama ukarabati ulifanyika ndani ya miaka 10 iliyopita, uliza bima. Sheria ya Spinetta ya mwaka 1978 inamfanya mjenzi awajibike miaka 10 kwa kasoro zinazodhoofisha jengo au kulifanya lisifae, na muuzaji aliyejijengea mwenyewe huhesabiwa kuwa mjenzi. Asipokuwa na bima, dai lako ni kwa mfuko wake binafsi, ukimpata.

Hati zikipita, nenda ukiguse chenyewe. Kijumba kimoja nilichokikagua mkoani Lot kilikuwa na kila kitu cha kupendeza: sakafu ya vigae vyekundu, kitanda cha chuma, na bakuli la pichi mezani. Nilifuatana na mzee wa Mombasa, mwashi mstaafu, ambaye binti yake ndiye aliyetaka kununua. Mzee hakuangalia pichi. Alisogeza kabati refu lililoegemezwa ukuta wa kaskazini, akapapasa. Kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno rangi ilikuwa imevimba, na alipoikwaruza kwa ukucha ukadondoka unga mweupe wa chumvi.

"Saruji," akasema. "Wameuziba ukuta mdomo, mwanangu. Utapumua wapi?"

Aliyekulia Lamu au Mji Mkongwe anaielewa kauli hiyo bila mhandisi. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Ukiupiga lipu ya saruji, maji hubaki ndani, chumvi hupanda, lipu hubanduka na mawe huanza kuoza. Ukuta wa mawe na chokaa wa Lot au Dordogne unafuata kanuni ile ile. Nusu ya unyevu ninaouona kwenye vijumba vya wageni umeletwa na ukarabati wa haraka wa miaka 30 iliyopita. Kuubandua na kupiga upya chokaa kunawezekana, lakini fundi wa chokaa anatoza bei ya fundi wa chokaa, na anakuja anapotaka.

Kisha mzee akauliza maji machafu yanakwenda wapi. Mwenye nyumba alitupeleka nyuma ya jengo, akasukuma chungu cha lavenda, pakaonekana mfuniko wa zege. Bomba la kijumba lilikuwa limeungwa kwenye shimo la nyumba kubwa. Kwa macho ni jambo dogo. Kwa sheria, mahali pasipo na bomba la komuni, mfumo wa maji taka hupimwa kwa idadi ya vyumba vikuu unavyovihudumia. Shimo lililochimbwa kwa nyumba ya vyumba vitano halihudumii vinane kwa sababu tu maji yanateremka. Idara ya ukaguzi, SPANC, hutoa ripoti ambayo siku ya kuuza haipaswi kuzidi umri wa miaka 3. Ikisema mfumo haukidhi matakwa, nyumba inauzika bado, ila mnunuzi anapewa mwaka 1 kurekebisha. Kuweka mfumo mpya kwa kawaida hugharimu euro elfu kumi na kitu. Soma ripoti yenyewe, na hasa utafute kama mkaguzi alikiona kijumba. Nimewahi kusoma ripoti safi kabisa iliyokagua nyumba kubwa peke yake.

Maji ya kunywa nayo yana mtego. Familia inayokunywa maji ya kisima chake shauri lake, mradi kisima kimetangazwa kwa meya. Kuwapa wageni wanaolipa maji ya kisima hicho hicho kunahitaji idhini ya mkuu wa serikali wa mkoa na vipimo vya maabara. Fuata bomba kwa macho kutoka kwenye sinki mpaka mita ya maji. Ikiwa njiani unakutana na pampu, sasa unajua.

Upande wa nishati Ufaransa imekuwa kali. Kila nyumba inayouzwa au kupangishwa hupewa herufi kutoka A hadi G, cheti cha DPE, na kijumba kinachojitegemea kinastahili cheti chake. Tangu tarehe 1 Januari 2025 nyumba ya daraja G haipangishwi kwa mkataba mpya wa makazi. F itafuata mwaka 2028 na E mwaka 2034. Wapangishaji wa likizo walijiona wako nje ya habari hii mpaka ilipopitishwa sheria ya Novemba 2024, inayojulikana kama sheria ya Le Meur, ambayo inataka nyumba za kupangisha watalii ziwe daraja A hadi D ifikapo mwaka 2034. Kijumba cha mawe chenye hita za umeme za ukutani na paa lisilo na sufi ya kuzuia baridi mara nyingi ni F au G. Kama kinapashwa joto na tangi la mafuta, kumbuka kwamba tangu Julai 2022 boila mpya ya mafuta hairuhusiwi kufungwa. Nyumba kubwa nayo, ikiwa E, F au G, lazima iuzwe na ukaguzi wa kina wa nishati wenye makadirio ya gharama. Karatasi hiyo ni zawadi kwa mnunuzi: muuzaji amelipa mtaalamu akuandikie hoja za kushusha bei.

Tuje kwenye pesa, ambako ndoto nyingi huzimia.

Chukua mfano, si takwimu za mtu: kijumba cha watu wanne kinachopata wiki 14 kwa mwaka, wastani wa euro 550 kwa wiki. Mashambani msimu ni mfupi. Julai na Agosti hujaa, Juni na Septemba hujaa nusu, Novemba ni ya mvua na wawindaji. Umeingiza euro 7,700. Toa 980 za usafi wa kila Jumamosi kwa 70, toa kama 1,000 za jukwaa la mtandaoni, 900 za umeme na kuni, 800 za bima na sehemu ya kodi ya jengo, 1,000 za matengenezo. Umebakiwa na 3,020, na mtu wa kodi hajaja.

Akija, anakuuliza kama kijumba kimepewa nyota. Zamani chenye nyota kilisamehewa asilimia 71 ya mapato kwa hesabu. Sheria ya Le Meur imelifunga dirisha hilo kuanzia mapato ya mwaka 2025. Kijumba kisicho na nyota husamehewa asilimia 30, na mapato yasizidi euro 15,000. Chenye nyota husamehewa asilimia 50, hadi euro 77,700 kwa mapato ya mwaka 2025. Katika mfano wetu, bila nyota unatozwa kodi na michango ya hifadhi ya jamii juu ya euro 5,390, pesa ambazo hukuziona. Ukiwa na nyota ni juu ya 3,850. Unaweza kuukimbia mfumo huo na kuchagua kutozwa kwa gharama halisi, ambapo unaruhusiwa pia kukata uchakavu wa jengo mwaka hadi mwaka na mara nyingi hulipi kitu. Wahasibu waliipenda sana njia hiyo. Bajeti ya mwaka 2025 ikaiwekea mkia: uchakavu uliokata huongezwa kwenye faida yako siku ya kuuza. Na faida hiyo, kwa sehemu uliyokuwa ukipangisha, haipati msamaha wa nyumba ya kuishi hata kama wewe mwenyewe ulikuwa ukilala mita 20 kutoka hapo. Msamaha kamili wa kodi ya mapato kwenye faida huja baada ya miaka 22 ya kumiliki, na wa michango ya jamii baada ya miaka 30.

Sheria ya Le Meur pia imeagiza kila nyumba ya kupangisha watalii iandikishwe na kupata namba, na mwisho wa kulitekeleza hilo umewekwa tarehe 20 Mei 2026. Na mapato ya likizo yakizidi euro 23,000 kwa mwaka, unahesabiwa kuwa mfanyabiashara mbele ya hifadhi ya jamii. Wengi hawatafika huko. Ninachosema ni kwamba kijumba kinaweza kulipa gharama zake na kidogo cha juu. Kulipa mkopo wa nyumba kubwa hakiwezi, na dalali anayekuonyesha jedwali linaloonyesha kinaweza amesahau Novemba.

Utaratibu wa kununua wenyewe ni mzuri, pengine kuliko wa Uingereza, nami sitakawia hapo. Mkataba wa awali, *compromis de vente*, huwafunga wote wawili. Mnunuzi hutoa kishika uchumba cha asilimia 5 hadi 10, kisha ana siku 10 za kubadili mawazo bila kutoa sababu. Muuzaji hana haki hiyo. Uhamisho hufanywa na notari, ambaye ni ofisa wa umma na si wakili wako. Unaweza kuleta wa kwako bila gharama kuongezeka, kwa sababu wawili hao hugawana ada ile ile. Zile zinazoitwa gharama za notari hufikia asilimia 7 hadi 8 kwa nyumba ya zamani na sehemu kubwa ni kodi. Kama kuna ardhi ya kilimo, notari huiarifu SAFER, taasisi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1960 kulinda ardhi ya wakulima, nayo ina miezi 2 ya kuamua kama itanunua yenyewe badala yako. Kwa kawaida hainunui. Ukiona hekta zinafika kadhaa na jirani ni mkulima kijana, usiagize fanicha.

Jambo linalowachanganya wengi wetu ni pasipoti. Kumiliki nyumba Ufaransa hakukupi haki hata ya siku moja ya kuishi huko. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya ataendelea kuomba viza. Mwenye ya Uingereza ana siku 90 ndani ya kila 180. Bunge lilijaribu kuwapa Waingereza wenye nyumba za pili njia ya mkato katika sheria ya uhamiaji, na Baraza la Katiba likakifuta kipengele hicho Januari 2024. Viza ndefu ya mgeni ipo, lakini anayeipata huahidi kutofanya kazi, na kuendesha nyumba ya wageni kunaanza kufanana na kazi. Anayetaka kuishi kwa biashara hiyo aombe hadhi ya mfanyabiashara tangu mwanzo.

Mirathi ni mahali ambapo msomaji wa pwani atamzidi Mwingereza kwa uelewa. Mwingereza hushtuka akiambiwa hawezi kumwandikia amtakaye mali yake yote. Tangu Napoléon na sheria zake za mwaka 1804, Mfaransa ana sehemu iliyotengewa watoto: nusu akiwa na mtoto mmoja, theluthi mbili wakiwa wawili, robo tatu wakiwa watatu au zaidi. Kinachobaki ndicho cha wasia. Aliyezoea theluthi ya wasia na mafungu ya faraidh haoni ajabu, ila tofauti mbili zitambana. Kule binti na mwana hupata sawa. Na mtoto wa kambo uliyemlea tangu utotoni ni mgeni mbele ya kodi ya mirathi: wakati kila mtoto wa damu anasamehewa euro 100,000 za kwanza, yeye hutozwa asilimia 60. Kanuni ya Ulaya namba 650 ya mwaka 2012, inayotumika tangu Agosti 2015, inakuruhusu kuchagua kwa wasia sheria ya uraia wako, hata ukiwa si raia wa Ulaya. Usipochagua na ukahamia Ufaransa, ni sheria yao. Lakini sheria ya tarehe 24 Agosti 2021, ambayo serikali iliitetea kwa hoja ya kuwalinda mabinti, inawapa watoto haki ya kufidiwa kutoka kwenye mali iliyoko Ufaransa pale sheria iliyochaguliwa isipowalinda na marehemu au mtoto mmojawapo akiwa raia au mkazi wa Ulaya. Familia yenye ndoa zaidi ya moja imuone notari kabla ya compromis, kwa sababu jinsi mtakavyoandikwa kwenye hati siku ya kununua ndivyo mtakavyogawana baadaye, na kurekebisha ni gharama.

Nitawataja na majirani kwa kifupi. Mwaka 2019 mahakama ya Rochefort ilimpa ushindi jogoo aitwaye Maurice wa kisiwa cha Oléron, aliyeshtakiwa na wenye nyumba ya likizo kwa kuwika alfajiri. Januari 2021 bunge likatunga sheria inayozitambua sauti na harufu za mashambani kuwa sehemu ya urithi wa nchi. Mgeni wako akikuandikia maoni mabaya kuhusu kengele za ng'ombe, huna pa kumpeleka.

Baada ya yote hayo, ofa. Huwa nashauri iandikwe kwa namba mbili. Tuseme bei inayotangazwa ni euro 265,000, na nyumba za kufanana nayo katika kijiji hicho, zisizo na kijumba, zinauzwa kwenye 205,000. Andika kwamba uko tayari kulipa, mathalani, 250,000 iwapo kibali, DAACT, DPE ya kijumba na ripoti ya SPANC inayokitaja vitakabidhiwa kabla ya kutia sahihi, na 210,000 visipokuwepo. Kisha mwambie notari wako aigeuze orodha hiyo kuwa masharti ndani ya compromis, pamoja na lile la mkopo, ili sharti likikosekana kishika uchumba kirudi mfukoni mwako. Kama unapanga kuligeuza ghala la pili baadaye, ongeza sharti la *certificat d'urbanisme* ya utekelezaji, inayodumu miezi 18 na kukuambia mapema kama komuni itakubali. Muuzaji mwenye hati hununa siku mbili, kisha huzituma zote kwa barua pepe. Asiye nazo hupiga simu, na mazungumzo huanza na meya.